Kuchangia Matibabu: Neno Moja, Malipo ya Aina Tatu



Katika mikutano ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, kuanzia Hasamba na maeneo mengine ya Vwawa hadi Tunduma mpakani, swali moja hurudi tena na tena kila zinapotajwa habari za bima ya afya: “Kama nimekwisha kulipia kadi, mbona nikifika hospitali naambiwa nichangie tena?” Anayeuliza mara nyingi ni mtu ambaye jambo hilo limekwisha kumuumiza. Ni mama aliyempeleka mtoto mwenye homa, akaonesha kadi yake mapokezi, mtoto akapimwa na kuandikiwa dawa tatu. Alipofika dirisha la dawa akaambiwa kwamba mbili zinalipwa na bima na ya tatu atainunua mwenyewe. Fedha aliyokuwa nayo ilikuwa ya nauli. Akarudi nyumbani na dawa mbili, na neno aliloliweka moyoni ni kwamba bima ni utapeli.

Neno hilo si la haki, lakini hatuwezi kumlaumu aliyelisema. Tangu siku alipoandikishwa hadi siku alipofika dirishani, hakuna mtu aliyeketi naye akamweleza kadi yake inalipa nini, hailipi nini, na kwa sababu gani. Alikuja kuyajua masharti akiwa amembeba mtoto mgonjwa, mbele ya foleni ya watu, kwa sauti ya mtumishi aliyechoka.

Katika makala hii tunakusudia mambo mawili. La kwanza ni kueleza kwa utaratibu maana ya kuchangia gharama za matibabu kwa mtu mwenye bima. La pili ni kusema wazi kwamba maelezo hayo ni sehemu ya huduma anayostahili mgonjwa, na kwamba Kanisa lenye zahanati, vituo vya afya na hospitali, na lenye jumuiya zinazokutana kila juma, haliwezi kulitazama jambo hili kama la wengine. Jambo lenyewe limekuwa la haraka. Mnamo Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na Rais Samia Suluhu Hassan akaitia saini kabla ya mwaka huo kwisha. Sheria hiyo inamtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima ya afya. Mtu anayetakiwa na sheria kujiunga ana haki kubwa zaidi ya kuelewa anajiunga na kitu gani.

Neno “kuchangia” lilitoka wapi

Mkanganyiko unaanzia katika neno lenyewe. Wazee wetu wanakumbuka kwamba baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ilikusudia huduma za afya katika vituo vyake zitolewe bila malipo. Miaka ya themanini ilikuwa migumu kiuchumi. Dawa ziliadimika, majengo yakachakaa, na bajeti ikashindwa kubeba mzigo. Kuanzia mwaka 1993 Serikali ikaleta utaratibu wa wananchi kuchangia gharama, ukianzia katika hospitali kubwa na kushuka ngazi za chini. Kwa kizazi kilichoishi wakati huo, kuchangia ni kutoa fedha dirishani ukiwa tayari mgonjwa.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1996, Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF, ulianza kwa majaribio katika Wilaya ya Igunga mkoani Tabora, na mwaka 2001 ukatungiwa sheria. Huku kuchangia kulikuwa na maana nyingine: kaya inatoa fedha mara moja kwa mwaka, ikiwa na afya njema, ili isitoe wakati wa ugonjwa. Wakati huohuo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma. Mchango wake uliwekwa kuwa asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitolewa na mtumishi na nusu na mwajiri. Baadaye ikaja CHF iliyoboreshwa, ambayo kwa kaya ya watu wasiozidi sita iliweka mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka, na Serikali ikiongeza sehemu yake kwa utaratibu ulioitwa “tele kwa tele”.

Hivyo ndivyo neno moja lilivyokuja kubeba maana zaidi ya moja. Afisa mwandikishaji anaposema “changia”, anamaanisha mchango wa mwaka. Karani wa dirishani anaposema “changia”, anamaanisha fedha ya leo. Mgonjwa anasikia neno lilelile mara mbili na kuona ametozwa mara mbili.

Malipo ya aina tatu

Ni vema basi kuyatenganisha.

Aina ya kwanza ni mchango wa uanachama. Huu hutolewa kabla ya ugonjwa, iwe kwa makato ya mshahara au kwa kulipia kifurushi. Haurudishwi mwaka ukiisha bila kuugua, kwa kuwa umekwenda kumtibu mwingine aliyeugua. Anayesema “nimelipa mwaka mzima na sijatumia, nimepata hasara” anaifikiria bima kama akiba ya benki. Akiba ni ya mtu mmoja. Bima ni kapu la wengi.

Aina ya pili ni sehemu ya gharama inayobaki kwa mgonjwa wakati wa kupata huduma. Bima nyingi duniani huweka kiwango maalumu au asilimia fulani ambayo mwanachama hulipa kila anapotibiwa, nazo hulipa kinachobaki. Jirani zetu wa Rwanda ni mfano ulio karibu: katika bima yao ya jamii, iitwayo Mutuelle de Santé, mwanachama amekuwa akilipa faranga 200 anapotibiwa katika kituo cha afya na asilimia 10 ya gharama anapotibiwa hospitalini, huku walio maskini kabisa wakisamehewa. Malipo ya namna hii si wizi wala si kosa, ilimradi yameandikwa katika masharti, yanajulikana mapema, na yanatolewa stakabadhi.

Aina ya tatu ni gharama ya kile kilicho nje ya kitita. Kila bima ina kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma, vipimo na dawa ambazo imekubali kuzilipia. Kisichomo katika orodha kinabaki kwa mgonjwa. Humu ndimo yanamotokea mengi ya yale tunayoyasikia jumuiyani. Dawa ya tatu ya yule mama ilikuwa ya aina hii, au pengine ilikuwa ya aina nyingine inayofanana nayo kwa sura tu: dawa iliyomo ndani ya kitita lakini imekwisha katika ghala la kituo. Tofauti ya mambo haya mawili ni kubwa. Iliyo nje ya kitita, bima haidaiwi. Iliyokwisha ghalani, mwanachama bado ana haki nayo, na anapaswa kuuliza utaratibu wa kuipata katika duka la dawa au kituo kingine kinachotambuliwa na bima yake. Mgonjwa asiyeelezwa tofauti hiyo hutoa fedha mahali ambapo hakupaswa kutoa.

Ngazi za rufaa nazo ni sehemu ya kitita. CHF iliyoboreshwa ilimhudumia mwanachama kuanzia zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya, na kwa kufuata rufaa hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Mwanachama wa Hasamba aliyeruka ngazi hizo, au ugonjwa wake ulipolazimu kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda iliyoko Mbeya, alijikuta analipa kwa fedha zake. Mwalimu mwenye kadi ya NHIF aliyelala kitanda cha pili katika wodi hiyohiyo hakulipa. Watu wawili, kila mmoja akiitwa “mwenye bima”, lakini kila mmoja ana ahadi tofauti. Kwa hiyo kusema “nina bima” hakutoshi. Inafaa kujua ni bima ipi, kifurushi kipi, na kinafika ngazi gani.

Yapo pia malipo ya namna ya nne, nayo hatuyaiti uchangiaji. Ni fedha inayoombwa bila stakabadhi, kwa sauti ya chini, ili mgonjwa aonwe haraka au apewe kitanda. Hiyo ni rushwa. Inamwibia maskini, na inalichafua hata lile lililo halali, kwa kuwa mgonjwa hawezi tena kutofautisha linalodaiwa kwa haki na linalodaiwa kwa tamaa.

Kwa nini bima isilipe yote?

Waamini wengi wanauliza swali hili kwa unyofu, nalo linastahili jibu la hesabu. Shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita ni shilingi 5,000 kwa mtu kwa mwaka mzima, au kama shilingi 82 kwa siku kwa kaya nzima. Tuchukue jumuiya kadhaa zenye kaya 100. Zikichangia zote, kapu lina shilingi 3,000,000, na likiongezewa kiasi kilekile na Serikali linafika 6,000,000. Sasa wakiugua wagonjwa wanne katika mwaka huo, na kila mmoja akahitaji matibabu ya shilingi 1,500,000, kapu limekwisha. Homa za watoto na majeraha ya mashambani ya kaya nyingine 96 hayana tena cha kuyalipia. Ndiyo maana kila bima huweka mpaka, na wenye kuisimamia hulazimika kuchagua: kuongeza mchango, kupunguza kitita, au kumwachia mgonjwa sehemu ya gharama. Hakuna njia ya nne isiyokuwa na mtu wa kuilipia.

Hesabu hiyo huharibika zaidi pale wanaojiunga wanapokuwa ni wagonjwa peke yao. Tuliliona hilo katika bima ya watoto iliyojulikana kama Toto Afya Kadi. Kwa shilingi 50,400 kwa mwaka mzazi aliweza kumwandikisha mtoto mmoja. Wazazi wengi walisubiri hadi mtoto augue ndipo wamlipie, na michango ikazidiwa na gharama za matibabu. Mwaka 2023 NHIF ilisitisha uandikishaji wa mtoto mmojammoja na kuelekeza watoto waandikishwe kupitia shule, ili walio wazima na walio wagonjwa waingie pamoja. Uamuzi huo uliwaumiza wazazi ambao watoto wao walikuwa katikati ya matibabu, na uchungu wao ulikuwa wa haki. Lakini somo lenyewe halikwepeki: kapu ambalo watu hulikumbuka siku ya njaa tu halina chakula.

Sababu ya pili inayotolewa na wataalamu ni kwamba mtu anapolipa sehemu ndogo ya gharama hatatumia huduma ovyo. Hapa inafaa tuwe waangalifu. Kati ya mwaka 1974 na 1982, taasisi ya RAND ya Marekani ilifanya uchunguzi mkubwa ambapo maelfu ya watu waliwekewa viwango tofauti vya kuchangia. Ilionekana kwamba waliochangia zaidi walikwenda hospitali mara chache zaidi. Lakini walipunguza huduma zisizo za lazima na zile za lazima kwa pamoja, kwa kuwa mgonjwa hana utaalamu wa kujua ipi ni ipi. Kwa wengi afya haikudhurika. Kwa maskini waliokuwa tayari na maradhi, hasa shinikizo la damu, hali ilikuwa mbaya zaidi kuliko ya wenzao waliotibiwa bure. Mkulima wa Mbozi anayeacha dawa za shinikizo la damu kwa sababu ya shilingi elfu chache hajaokoa fedha ya mtu yeyote. Amesogeza tu gharama hadi siku ya kiharusi.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Kuchangia sehemu ya gharama kunaweza kuwa halali, na mara nyingine hakuepukiki. Lakini kiwango chake kisiwe kikubwa kiasi cha kumzuia mgonjwa kufika kituoni, kisimguse asiye na uwezo, na kisije kwake kama mtego.

Mzigo wa mvutano usimwangukie mgonjwa

Mwezi Machi 2024, NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya cha mafao pamoja na bei zake, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kwa muda kuwahudumia wanachama wake, zikisema bei hizo hazilingani na gharama halisi. Mfuko nao ulikuwa na hoja zake za kulinda uhai wake. Hatuingii katika kuamua nani alikuwa sahihi kuhusu bei ya kipimo hiki au kile. Tunalotaka kulikumbusha ni kwamba katika siku zile mtu aliyesimama katikati, na kadi mkononi, alikuwa mgonjwa ambaye michango yake ilikuwa imekwisha kukatwa katika mshahara. Pande mbili zenye mkataba zilipokosana, yeye ambaye hakuitwa mezani ndiye aliyeambiwa alipe fedha taslimu au aondoke.

Vituo vya Kanisa vinaijua pia shida ya upande wa pili. Vinapocheleweshewa malipo au kulipwa pungufu, mishahara ya wauguzi na ununuzi wa dawa hukwama. Tangu mwaka 1992, Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania na Jumuiya ya Kikristo Tanzania zimekuwa na chombo cha pamoja, Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC, kinachozungumza na Serikali kwa niaba ya hospitali na shule za makanisa. Huko ndiko mahali pa kudai bei za haki. Dirisha la malipo, mbele ya mama mwenye mtoto, si mahali pa kulipizana kisasi.

Mwenye nyumba ya wageni na dinari mbili

Mafundisho Jamii ya Kanisa yanatupatia mwanga. Mtakatifu Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, aliitaja huduma ya matibabu miongoni mwa haki za kila binadamu, zinazotokana na utu wake na si na uwezo wa mfuko wake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo inafundisha kwamba uhai na afya ni zawadi za Mungu tunazopaswa kuzitunza kwa busara, tukizingatia mahitaji ya wengine na mafao ya wengi, na kwamba jamii ina wajibu wa kumsaidia mtu kuipata huduma hiyo.

Katika kutimiza wajibu huo, kanuni mbili hushikana mikono. Kanuni ya mshikamano inatufundisha kwamba mwenye afya anambeba mgonjwa, na mwenye kipato anambeba asiye nacho. Kanuni ya auni inatufundisha kwamba ngazi kubwa isimnyang’anye mdogo kile anachoweza kukifanya mwenyewe, na pia isimtelekeze katika kile asichokiweza. Familia itoe inachoweza. Jumuiya na parokia zisaidie panapopungua. Serikali ibebe kile ambacho hakuna kijiji kinachoweza kukibeba. Bima iliyopangwa vema ni kanuni hizo mbili zikiwa zimeandikwa katika hesabu.

Tunausoma kila mara mfano wa Msamaria Mwema katika Injili ya Luka, na mara nyingi tunaishia pale alipoyafunga majeraha kwa mafuta na divai. Mwisho wa mfano una mambo ya fedha, nayo yameelezwa kwa uangalifu. Msamaria alimlipa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili mapema. Akamwagiza amtunze majeruhi. Kisha akasema wazi ni nani atakayelipa kitakachozidi, na lini: yeye mwenyewe, atakaporudi. Mapatano yale yalifanyika kabla ya gharama kuongezeka, kati ya watu wawili wenye nguvu ya kulipa na kuhudumia. Majeruhi hakuamshwa usiku kuulizwa kilichopungua. Huo ndio utaratibu tunaouhitaji: kinacholipwa kijulikane, kinachozidi kijulikane, na anayelipa kinachozidi ajulikane, kabla mgonjwa hajavuliwa nguo ya kupimwa.

Mambo ya kuuliza kabla ya kuugua

Tunawasihi waamini, kabla ya kulipia kifurushi chochote, wapate majibu ya maswali haya kwa mwandikishaji au katika ofisi ya bima yao. Kadi hii inawahudumia watu wangapi wa kaya yangu, na ni nani hasa? Inaanza kufanya kazi lini baada ya kulipa, na inakoma lini? Inapokelewa katika vituo vipi vilivyo karibu nami, na inafika ngazi ipi ya rufaa? Ni huduma, vipimo na dawa zipi haizilipii? Je, kuna kiasi ninachopaswa kulipa mwenyewe kila ninapotibiwa? Na nikiambiwa nilipe nisichokielewa, nimwone nani?

Kituoni nako kuna swali moja ambalo kila mgonjwa ana haki ya kuliuliza kabla ya kipimo au dawa: “Hiki kinalipwa na bima yangu?” Jibu likiwa hapana, swali la pili ni: “Kipo kingine chenye kazi ileile kinacholipwa?” Mara nyingi kipo, ila daktari hakujua kwamba mgonjwa ana shida ya fedha. Kumwambia daktari “sina uwezo wa kununua hiyo” si aibu. Ni taarifa anayoihitaji ili atibu vema.

Tukumbuke pia wanaostahili msamaha. Kwa sera ya afya ya nchi yetu, watoto walio chini ya miaka mitano, kina mama wajawazito, wazee wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wagonjwa wa maradhi kama kifua kikuu, ukoma na VVU wamewekewa utaratibu wa kutotozwa katika vituo vya umma. Asiye na uwezo kabisa ana haki ya kumwona afisa ustawi wa jamii aliyepo hospitalini. Sheria ya mwaka 2023 nayo imeweka mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo, na miongoni mwa vyanzo vyake ni tozo za bidhaa kama vinywaji baridi, pombe na vipodozi, pamoja na michezo ya kubahatisha. Tunaiomba Serikali iufanye mfuko huo uonekane vijijini, na orodha ya wanaostahili iandaliwe kwa haki, kwa kuwa msamaha ambao mwenyewe haujui ni sawa na usiokuwapo.

Wajibu wetu parokiani

Mkoa wetu wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016, una watu zaidi ya milioni 1.3, na sehemu kubwa yao haina mshahara wa kukatwa kila mwezi. Mkulima wa kahawa na mahindi wa Mbozi ana fedha baada ya mavuno, naye huwa hana kitu mvua zinapokolea, ambapo ndipo malaria huongezeka. Mfanyabiashara mdogo wa Tunduma hupata leo na kukosa kesho. Kwa watu wa namna hiyo, mchango unaodaiwa wote kwa mara moja katika mwezi mbaya ni mzito kuliko ukubwa wake. Jumuiya zetu zinaweza kusaidia kwa njia iliyo rahisi: kila kaya iweke kidogo kidogo kwa mweka hazina wa jumuiya kuanzia wakati wa mavuno, na kaya zote zilipiwe siku moja, zikiwa nzima. Haba na haba hujaza kibaba, na jumuiya inayojiunga yote kwa pamoja inaliimarisha kapu kuliko mtu mmojammoja anayejiunga akiwa amelazwa.

Makatekista na viongozi wa jumuiya wapewe nafasi ya kuwaalika maafisa wa bima waje kueleza baada ya Misa, na waeleze hata kwa Kinyiha au Kinyamwanga pale wazee wanapohitaji. WAWATA, ambao ndio wanaobeba watoto hadi zahanati, wawe wa kwanza kufundishwa ili wawafundishe wengine. Caritas ya parokia ijue kaya zipi haziwezi kabisa, izilipie au izifikishe kwa ustawi wa jamii.

Na vituo vya Kanisa vianze vyenyewe. Hospitali kama Mwambani iliyoko Mkwajuni na Igogwe kule Rungwe, pamoja na zahanati zetu ndogo, zina ushuhuda wa miaka mingi wa kuwahudumia maskini. Tunapendekeza kila kituo kibandike mapokezi, kwa Kiswahili chepesi na herufi kubwa, orodha ya bima zinazopokelewa na huduma zisizolipiwa na kila moja. Kiweke mtu mmoja ambaye kazi yake ni kueleza. Na kisimtoze mgonjwa kitu ambacho hakuambiwa kabla. Hayo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji kumtazama mgonjwa kama mtu mwenye akili na heshima, anayeweza kuelewa akielezwa.

Tunarudi kwa yule mama na dawa zake mbili. Mwaka wake wa kadi utakapokwisha, ataamua kulipia tena au kuacha. Akiacha, kapu litapungukiwa na mtu mmoja, na mtoto wake atabaki bila kinga. Pengine mtu mmoja wa jumuiya yake akimtembelea juma hili, akaketi naye na kuisoma kadi ile pamoja, uamuzi utakuwa tofauti. Kuwatembelea wagonjwa ni tendo la huruma ambalo Kanisa limetufundisha tangu utoto, na katika nyakati zetu tendo hilo lina sehemu yake ya kusoma masharti ya bima.

Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, atuombee.